Miezi saba ya kungoja

Hotuba ya mwalimu mstaafu wa Hisabati katika hafla ya kuwakabidhi kompyuta mpakato wahitimu wa kidato cha nne waliofanya vizuri, wilayani Chamwino, mkoani Dodoma

Mbukwenyi!

Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mtendaji wa Kata, Afisa Elimu Kata, wakuu wa shule zetu tatu za sekondari, wenyeviti wa vijiji, viongozi wa dini, wazazi, walimu wenzangu, na ninyi wanangu 12 mliokaa mstari wa mbele: nawasalimu nyote.

Nashukuru kwa kualikwa. Nimeshika chaki miaka 34, sehemu kubwa katika mkoa wetu huu, na somo langu ni Hisabati. Sifa mmeshapewa, ngoma mmeshapigiwa, na mama zenu wamewavisha kanga mabegani. Mimi nimekuja na jambo moja tu, nalo ni miezi saba. Nitalifikia.

Kwanza hongereni, na hongera hii naitoa nikijua ninachokisema. Wote 12 mmepata daraja la kwanza. Binti mmoja kati yenu ana pointi 9. Kwa wazazi ambao hesabu hii ya pointi inawachanganya: mtoto anahesabiwa masomo saba aliyoyafanya vizuri zaidi. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, na kuendelea. Mwenye A zote saba anakuwa na pointi 7, na hakuna anayeweza kupita hapo. Daraja la kwanza linaishia pointi 17. Binti yetu ana A tano na B mbili, na moja ya hizo A ni ya Hisabati. Mwaka 2022, kati ya kila watahiniwa 100 wa kidato cha nne nchini, waliofaulu Hisabati walikuwa kama 20 tu. Kufaulu tu, hata kwa D. Sasa mpimeni mtoto aliyepata A katika somo hilo akitokea shule ya kutwa, ambaye asubuhi anatembea kwa miguu na jioni anarudi kuteka maji.

Nina neno kuhusu kuwapongeza watoto hadharani, kwa sababu najua wapo wanaouliza kama ni sahihi. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule 10 bora na wanafunzi 10 bora kitaifa. Watu wengi walilalamika. Mimi niliafiki, na mpaka leo naafiki. Unamchukua mtoto anayelala bweni lenye maktaba na maabara kamili, unampanga mstari mmoja na mtoto wa shule ya kata yenye mwalimu mmoja wa Fizikia kwa vidato vyote vinne, halafu unasema huyu ni wa kwanza na yule ni wa elfu ngapi sijui. Hapo hujapima akili za watoto, umepima mifuko ya wazazi. Ila kwenye kata ni tofauti. Hapa tunajuana. Nani alikuwa anasoma kwa kibatari, nani alifiwa na baba akiwa kidato cha tatu, nani alirudia kidato cha pili akakaa darasa moja na mdogo wake, tunajua wote. Anayejua mtoto ametoka wapi ana haki ya kumpigia makofi.

Sasa miezi saba.

Mtihani wa kidato cha nne unaisha mwishoni mwa Novemba. Matokeo yanatoka mwishoni mwa Januari. Kidato cha tano kinaanza Julai. Hesabuni nami: Desemba, Januari, Februari, Machi, Aprili, Mei, Juni. Mtoto ambaye kwa miaka 11 ameamka kwa kengele, akaishi kwa ratiba ya ukutani, ghafla anarudishwa nyumbani na hakuna mtu anayemuuliza leo umesoma nini.

Na sisi wa Dodoma miezi hiyo ina sura yake. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, inaanza Desemba na kukata Aprili, na kwa wastani haifiki milimita 600 kwa mwaka. Ukipitwa na wiki mbili za kupanda umepitwa na mwaka. Kwa hiyo mtoto anatoka chumba cha mtihani anaingia shambani: kupanda, palizi ya kwanza, palizi ya pili, kuamia ndege mtama na uwele unapoanza kukomaa, kisha kuvuna na kupura. Sina ugomvi na jembe. Karo yangu mimi ilitoka kwenye karanga za mama yangu, na nilizichimba mwenyewe. Kazi ya shamba haijawahi kumharibu mtoto.

Kinachowaharibu ni jambo lingine, linaloingia polepole. Mwezi wa kwanza mtoto bado ana madaftari karibu na kitanda. Mwezi wa tatu madaftari yako ndani ya sanduku. Mwezi wa nne anakuja mtu kutoka mjini, amevaa vizuri, anatafuta binti wa kazi za ndani, na anasema ni kwa muda mfupi tu mpaka uchaguzi wa kidato cha tano utoke. Kijana wa kiume naye anapewa bodaboda ya mtu kwa hesabu ya kila siku, na akishika elfu kumi yake ya kwanza, shule inaanza kuonekana mbali. Wengine wanapata ujauzito humo humo katikati. Hakuna kati ya hawa aliyeamua kuacha shule. Ni kungoja tu, na wakati wanangoja maisha yakawachukua.

Nilikuwa na mwanafunzi, miaka mingi imepita, jina lake nitalihifadhi. Siku moja nikiwa ubaoni niliandika sine mahali palipotakiwa cosine, nikaendelea hadi mwisho wa swali. Darasa zima lilinakili. Yeye alinyoosha mkono akasema, "Mwalimu, samahani, mstari wa tatu." Mstari wa tatu! Aliuona wakati mimi mwenyewe sikuuona. Alipata daraja la kwanza. Mwezi wa nne ndugu yao mmoja akamwomba aende mjini kumsaidia kulea mtoto, kwa wiki chache. Mwezi wa nane nikasikia hakuripoti shuleni. Nikapanda baiskeli hadi kwao. Mama yake alinipokea vizuri, akanionyesha sanduku la madaftari ya binti. Juu ya sanduku palikuwa na gunia la karanga. Akaniambia, "Mwalimu, fomu ya kujiunga ilikuja, lakini yeye hakuwepo, na sisi hatukujua pa kuanzia." Muda wa kuripoti ulikuwa umepita. Nilikwenda hadi ofisi moja inayohusika, nikaambiwa nafasi imeshapewa mtu mwingine. Nimefundisha watoto wengi ambao leo ni wahandisi na madaktari, lakini ninapolala usiku, ninayemkumbuka ni huyo.

Wakati huo huo, mjini mambo yanakwenda vingine. Matokeo hata hayajatoka, mzazi ameshamwandikisha mtoto wake masomo ya maandalizi ya kidato cha tano, na analipia. Julai wanakutana dawati moja, mtoto wa mjini ameshapita sura tatu za kitabu, wa kwetu hata kitabu chenyewe hajakiona. Halafu mwezi wa tisa, baada ya mtihani wa kwanza, tunasema wa kijijini ameshindwa kasi. Ameshindwa kasi gani, wakati mbio zilianza yeye akiwa anaamia ndege?

Serikali imeondoa ada. Mwaka 2016 iliondolewa hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikaondolewa kidato cha tano na cha sita. Nilikuwa darasani mwaka 2016, niliona madawati yalivyojaa, na nashukuru. Lakini miezi hii saba hakuna aliyeiondoa. Hiyo ni kazi yetu sisi tuliopo hapa.

Ndiyo maana vijana wetu wa kata waishio mjini waliponijia kunieleza kuwa wamechangishana kununua kompyuta mpakato 12, sikuwauliza bei. Niliwauliza: mtazigawa lini? Walikuwa wamepanga Juni, ili watoto waende nazo shuleni zikiwa mpya. Nikawaomba wazigawe Februari. Walinielewa upesi, na wengine walilazimika kukopa ili kumaliza michango yao kabla ya wakati. Naomba muwapigie makofi kwa hilo hasa. Kompyuta ya Juni ingekuwa pambo. Hii ya Februari ni shule ya miezi mitano.

Niseme basi kilichomo ndani, maana mashine tupu ni sahani tupu. Jana wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Dodoma, wazaliwa wa hapa hapa, walikaa ofisi ya kata tangu asubuhi hadi magharibi wakizitayarisha. Wameweka humo vitabu vya kidato cha tano. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao ambayo vitabu vyake vya kiada vinasomwa bure, na wamewawekea njia ya kuifikia mtakapokuwa na intaneti. Wameweka programu ya kuandikia na ya mahesabu ambazo hazidai leseni ya kulipia. Na wameweka kitu kimoja nilichokisisitiza mimi: uchambuzi wa majibu ya watahiniwa unaotolewa na Baraza la Mitihani, somo kwa somo. Wengi hawaujui, hata baadhi ya walimu. Baraza linachukua kila swali la mtihani, linaeleza watahiniwa wangapi walilijaribu, waliopata walijibuje, waliokosa walikosea wapi, na linaonyesha hata karatasi za majibu mazuri na mabaya. Ni bure kabisa. Ningepewa kitu hicho nikiwa mwalimu kijana, ningeokoa watoto wengi. Usome wa Hisabati wa kidato cha sita hata kama bado huelewi nusu yake. Utaona wenzako waliotangulia walianguka mahali gani.

Kazi ya pili ya mashine hii itakuja mapema kuliko mnavyodhani. Baada ya matokeo huwa linafunguliwa dirisha la kubadilisha machaguo ya tahasusi, yaani mkusanyiko wa masomo ambayo mtoto atayasoma kidato cha tano na cha sita, kwenye mfumo wa TAMISEMI. Zamani tahasusi zilikuwa chache, kila mtu anazijua kwa kichwa. Mwaka 2024 ziliongezwa 49, zikawa 65. Mtoto wa kijijini anakwenda steshenari siku ya mwisho, foleni ndefu, anayebonyeza kompyuta ni mtu asiyemjua, ana haraka, anamuuliza, "PCB au PCM?" Yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, au Fizikia, Kemia na Hisabati. Na hapo, kwa dakika mbili, miaka yake 10 ijayo inaamuliwa. Wanangu, safari hii mtakaa nyumbani, mtasoma zote 65, mtaniuliza, mtawauliza wakuu wenu wa shule, mtabonyeza wenyewe. Na mkishabonyeza, mwiteni jirani aliyepata daraja la pili au la tatu, naye abonyezee hapo hapo.

Nirudi kwenye nyumba zetu. Nimeuliza, na watano kati yenu hawana umeme nyumbani. Wazazi wengine wana sola ndogo ile ya taa na simu. Hiyo haitaweza. Chaja ya mashine hii inataka wati 45 na nyingine 65, na paneli ya wati 20 itaiangalia tu. Msijaribu kuunganisha nyaya wenyewe. Nimezungumza na mkuu wa shule iliyo karibu na barabara kuu, na amekubali kufungua chumba kimoja cha darasa Jumanne na Jumamosi, wenye kompyuta waje wachaji. Betri ikijaa, ukiutumia vizuri mwanga wa kioo, unapata saa nne au tano za kusoma. Zinatosha siku mbili.

Na vumbi. Mnalijua vumbi la kwetu mwezi wa saba. Mashine hii inapumulia chini na ubavuni. Ukiiweka juu ya godoro au kitenge umeiziba pua, itachemka, itazima, na siku moja haitawaka. Iweke juu ya meza, au juu ya ubao. Usiiache mchana kutwa kwenye chumba cha bati bila dari. Flashi ya mtu wa mtaani usiichomeke. Hayo tu, mengine mtajifunza.

Ndugu zangu wazazi, sasa nazungumza na ninyi, na nitazungumza kama mtu wa nyumbani. Kompyuta hii amepewa mtoto. Si mali ya ukoo. Si ya kuweka rehani kwa mkopo wa mbolea, hata kama mwaka umekuwa mbaya. Si ya mjomba kuonyeshea filamu kijiweni. Sisemi haya kwa kuwadharau. Nimeona shida inavyoweza kumfanya mzazi mwema auze kitu cha mtoto huku analia. Nasema mapema ili siku hiyo ikija, mje kwangu au kwa Mtendaji kwanza, tutafute njia nyingine.

Na ninawaomba saa mbili. Mtoto aende shamba asubuhi kama kawaida, alime, apalilie. Lakini kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, aachiwe. Asitumwe dukani, asitumwe kisimani, asibebeshwe mtoto mgongoni. Kwa mabinti hili nalitilia mkazo, kwa sababu kijana wa kiume akisema anasoma anaachwa, binti akisema anasoma anaulizwa kwani chakula cha jioni atapika nani. Saba kati ya hawa 12 ni mabinti. Saa mbili kwa siku, siku tano za wiki, hadi Julai, ni zaidi ya saa 200. Ni muda wa kutosha kumaliza sura zile tatu ambazo mtoto wa mjini analipiwa.

Kwa wakuu wa shule za kidato cha tano, ambao hawapo hapa lakini maneno haya yatawafikia. Shule za bweni zinakataza simu, na mimi niliyekaa bwenini kama mlezi najua sababu. Lakini kompyuta isiingizwe kabatini Julai ikatolewa likizo ya Desemba. Wekeni saa maalumu maktaba, wekeni daftari la kusaini, mwalimu wa zamu awepo. Serikali iliwagawia walimu vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022. Ikiwa tunakubali mwalimu anahitaji kifaa ili afundishe, tukubali na mwanafunzi anakihitaji ili ajifunze.

Mwisho nina ombi kwa vijana wetu waliochanga, na naomba mlichukue kwa uzito. Pale nyuma wamesimama watoto wengine wa mwaka huu huu. Wamepata daraja la pili, la tatu, wengine la nne. Hawakuitwa jina leo. Nao wana miezi ile ile ya kungoja, na wale wa daraja la nne wanaosubiri nafasi ya VETA au chuo wanaweza kungoja zaidi. Mwakani, badala ya kompyuta 12 kwa watoto 12, gaweni nane, na nne zilizobaki ziwekwe shuleni, zenye vitabu vile vile, mtoto yeyote aliyemaliza kidato cha nne aje akae. Na moja kati ya zile nane msimpe mwenye pointi chache. Mpeni aliyesafiri mbali zaidi: aliyeanguka kwenye upimaji wa kidato cha pili, akarudi, akapanda hadi daraja la tatu. Mimi nawajua wawili wa namna hiyo mwaka huu. Mmoja amenibebea kiti hiki nilichokalia.

Wanangu 12, Jumamosi saa tatu asubuhi nitakuwa kwenye chumba kile cha kuchajia. Njooni na kompyuta, chaja, daftari jipya la mraba na kalamu mbili. Njoo na mwenzako mmoja ambaye hakupewa, mtakaa wawili wawili. Tutaanza na trigonometria, na nitaandika ubaoni polepole. Nikikosea mstari wa tatu, nataka mtu anyooshe mkono.

Asanteni sana.